Nakala kwa Kila Aliyetajwa

TANGAZO KWA UMMA. Ofisi ya Mirathi ya Simu, Wilaya ya Kwemhina, inapenda kuwataarifu wananchi wote kwamba kiti cha plastiki cha rangi ya samawati, kilichokuwa upande wa kulia wa mlango mkuu wa ofisi hii, kimehamishiwa upande wa kushoto wa mlango huo kuanzia leo Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Wananchi mnaombwa kuzingatia mabadiliko hayo.

Tangazo hilo lilitua kwenye simu elfu tisini na sita kwa mpigo mmoja, na hakuna hata moja iliyokubali kufanya kazi nyingine kabla macho ya mwenyewe hayajapita juu ya maneno yote hadi nukta ya mwisho. Mkunga aliyekuwa akimpigia dereva wa gari la wagonjwa alisoma habari za kiti. Dereva naye alisoma. Siwema Kilua, ambaye kiti chenyewe kilikuwa hatua nne kutoka mezani pake, na ambaye ndiye aliyekihamisha kwa mikono yake miwili, alisoma vilevile. Mara ya kwanza aliruka mstari kwa hasira, simu ikamrudisha mwanzo.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, Mfunguzi wa Daraja la Kwanza, na kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kufungua simu za marehemu. Arobaini ilipopita na masufuria ya hitima yaliporudishwa kwa majirani, warithi walikuja ofisini na simu ya marehemu wao wameizungushia kitambaa. Siwema aliilaza ndani ya kichambuzi, sanduku la chuma lisilozidi ukubwa wa mkate, na baada ya saa moja na nusu kila neno ambalo simu ile iliwahi kulisikia lilikuwa limepangwa kwa tarehe, kwa sauti ya aliyelisema na kwa jina la aliyesemwa.

Maana simu zilisikia. Zilianza kusikia ili kuwakumbusha watu walikoacha funguo zao, na watu wakafurahi mno kuzipata funguo hata hawakuuliza ni kitu gani kingine kilichokumbukwa. Ikatungwa Sheria ya Kumbukumbu Kamili, iliyofanya kuifunika simu isisikie kuwa kosa. Ikafuata Sheria ya Mirathi ya Simu, iliyosema kwamba kumbukumbu ni mali, na mali hurithiwa. Kifungu cha tisa kiliongezwa na waheshimiwa waliopenda haki kuliko walivyowapenda watu: kwa kuwa si vema mtu kusemwa asijue, kila aliyetajwa ndani ya simu ya marehemu apelekewe nakala ya maneno aliyotajwa nayo. Nakala zilijipeleka zenyewe. Siwema alibonyeza mara moja tu.

Alikuwa amebonyeza mara mia sita na kumi na mbili. Kile kiti cha samawati kiliwekwa kwa ajili ya watu walioishiwa nguvu za miguu baada ya kusoma nakala zao, na kilihamishwa kwa sababu walipozimia upande wa kulia walizuia mlango.

Ukutani, mbele ya meza yake, waliandika kwa herufi kubwa wito wa ofisi: MFICHA UCHI HAZAI. Siku wito huo ulipochaguliwa makofi yalipigwa. Kila asubuhi tangu hapo Siwema alikaa akiukabili ukuta ule, mwanamke asiye na mtoto, na hakuna mtu hata mmoja aliyefikiri kumgeuzia meza.

"Dada Siwema, Alhamisi una mzigo," alisema Msajili Mndolwa, mkuu wa ofisi, akitokea na jalada kwapani. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, asiyewahi kumwonea mtu kwa makusudi. "Bibi mmoja wa Majengo. Uchunguzi wa awali unaonyesha saa elfu kumi na mbili za mazungumzo. Saa elfu kumi na mbili! Hata diwani aliyefariki mwaka juzi hakufika nusu, na yule unamjua alivyokuwa akisema."

"Jina la marehemu?"

"Mwajabu binti Semhando. Ulimfahamu?"

Siwema alilichukua jalada, akalifungua. Uchunguzi wa awali haukuonyesha maneno. Ulionyesha hesabu na majina tu. Sauti zilizotambuliwa: arobaini na moja, zote za wanawake. Watu waliotajwa: mia tatu na kumi na wanane. Alijikuta kwenye orodha ya kwanza, sauti ya saba. Akaifungua orodha ya pili, akashuka nayo kwa kidole polepole kama mtu anayetafuta jina la nduguye kwenye orodha ya abiria wa gari lililopinduka. Namba mia mbili na saba: Mbelwa Kassim, mstaafu wa reli. Nakala itatumwa Alhamisi, saa saba na nusu mchana.

"Msajili, mimi nimo humu," alisema.

"Umo?" Mndolwa alistaajabu kwa upole. "Dada yangu, nani hayumo? Mimi nimetajwa kwenye simu zisizopungua tisini, na nyingine zilinitaja vibaya sana. Tukitaka mfunguzi asiyetajwa na mtu itabidi tumwagize mwezini. Tena akikaa wiki moja hapa, naye atatajwa."

"Nakwambia nimo kama msemaji. Si kama jina."

"Basi utakuwa na faida. Utaijua sauti yako." Akamwekea mkono begani, akaondoka.

*

Bi Mwajabu hakuwa mjinga, na jambo hilo ndilo lililomtia Siwema uchungu kuliko yote.

Kwa miaka thelathini alikuwa somo wa wanawake wa Majengo. Alimfunda mwari kabla ya ndoa, na baada ya ndoa mwari alirudi kwake kila Jumanne baada ya alasiri, kwa maana mafundisho ya harusi hayamalizi maswali, huyaanzisha tu. Walikaa uani juu ya mkeka, mlango wa nyuma umekomewa, wakasema yale yasiyosemwa kwa mama wala kwa dada. Sheria ilipokuja na kuyatia masikio mifukoni mwa watu, Bi Mwajabu aliitisha sufuria lake la pilau, lile la kulisha watu sitini, akaliweka kizingitini. Kila aliyeingia alitumbukiza simu yake humo. Kikafuata kifuniko, na juu ya kifuniko jiwe la kusagia, na juu ya jiwe mto wa sufi.

"Asiye na haya asikae na wenye haya," alikuwa akisema, na wanawake wakacheka, wakavua viatu na mengineyo yanayowabana.

Kisha aliketi. Simu yake mwenyewe ilikuwa imefundikwa kwenye pembe ya kanga, chini ya kwapa la kushoto, kwa sababu ndiyo iliyomwitia sala. Magharibi ilipoingia, adhana ililia kutoka mwilini mwake, naye akanyanyuka kwenda kutawadha. Miaka yote hiyo, kati ya wanawake arobaini wenye akili timamu, wawili kati yao walimu wa sekondari na mmoja mfunguzi wa simu aliyekula kiapo, hakuna aliyesema: somo, na yako je? Simu ile haikuonekana kuwa simu. Ilikuwa sehemu ya Bi Mwajabu, kama ubavu. Wanawake wale waliyafunika masikio arobaini kwa jiwe na mto, wakamimina kila kitu kwenye sikio la arobaini na moja, lililokuwa limekaa mahali palipo karibu kabisa na mdomo wa kila aliyekuja kulia begani.

Siwema alilia kwenye bega lile akiwa na miaka ishirini na sita. Ndoa yake ilikuwa na miaka mitatu, na mawifi zake walikuwa wameanza kumwita gogo. Yeye na Mbelwa walikwenda hospitali kupimwa wote wawili. Wiki ile simu ya Mbelwa ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, kwa hiyo kwenye fomu aliandika namba ya mkewe, kama watu wanavyoandika namba ya yeyote aliye karibu bila kufikiri kwamba namba ni mlango. Majibu yote mawili yakamjia Siwema, amesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Lake lilisema hana tatizo. La mumewe lilikuwa na sentensi mbili, na ya pili ilisema kwamba hali hiyo haina tiba.

Aliyafuta yote mawili kabla zamu yake haijafika. Jioni akamwambia Mbelwa, "Ni mimi." Alimwona akiinamisha kichwa, akamwona akikiinua tena, na akajua kwamba ukweli ungemfanya asikiinue. Jumanne iliyofuata alimweleza somo wake, na hakumweleza mtu mwingine yeyote duniani.

"Umejitwika mzigo usio wako," Bi Mwajabu alimwambia. "Haya. Lakini mwanangu, mzigo wa namna hii hautuliwi njiani. Ukiutua, utamwangukia yeye."

Miaka ishirini na mmoja aliubeba. Sasa ulikuwa umepangwa kwa tarehe.

*

Jumanne asubuhi mrithi alikuja kutia saini. Alikuwa Mwanaima, binti pekee wa marehemu, mwenye miaka thelathini na miwili. Alifanya kazi ya kupima udongo kwenye mashamba ya mkonge, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu. Alikataa kukaa.

"Shikamoo, dada Siwema."

"Marahaba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Nionyeshe pa kutia saini."

Siwema hakumwonyesha. Alimwonyesha kifungu cha kumi na nne: mrithi anaweza kuikana simu, na simu iliyokanwa huyeyushwa siku hiyohiyo bila kufunguliwa. Alikieleza kwa sauti ya ofisi, akiangalia karatasi, huku simu yake na ya Mwanaima na ya mlinzi aliye mlangoni zikimsikiliza. Alikieleza mara mbili.

"Umemaliza?" Mwanaima aliuliza. "Maana nakuona unanizungukia kama kuku anayetaka kutaga. Sema unachokitaka."

"Mama yako alikuwa somo. Humo ndani hamna yeye peke yake. Mna watu."

"Najua mna watu. Nilikulia kwenye nyumba hiyo, dada. Kila Jumanne nilitolewa nje kama mbuzi, nikacheze mpaka magharibi. Nilikuwa nasikia mkicheka. Mlikuwa na mama yangu kuliko nilivyokuwa naye mimi, na leo unaniambia niwaachie na kilichobaki?"

"Kuna watu mia tatu na kumi na wanane watakaopata nakala."

"Mimi nataka nusu saa." Sauti yake ilipungua, na ikawa mbaya zaidi. "Alianguka jikoni saa tano, dada Siwema. Mimi nilifika saa tano na nusu. Simu ilikuwa kwenye kanga yake. Nusu saa hiyo ilikuwa naye peke yake, haikuwa na mtu mwingine. Kama aliniita, nataka kujua aliniita. Nipe nusu saa hiyo, mengine yeyusheni, chemsheni, myanywe."

"Kichambuzi hakikati. Kinafungua lote, au hakifungui."

"Nani alikitengeneza hivyo?"

Lilikuwa swali zuri, na Siwema hakuwa amewahi kuulizwa. Kukata kipande kimoja hakukuwa kazi ngumu. Fundi yeyote wa mjini angeifanya akinywa chai. Kichambuzi kilitengenezwa kisikate kwa sababu kamati iliyokiagiza iliona kwamba mwenye uwezo wa kukata atashawishika kuficha, na ikachagua kumwondolea binadamu kishawishi kwa kumwondoa binadamu mwenyewe.

"Sheria," alisema.

"Aa! Sheria." Mwanaima aliinama juu ya meza. "Simu ya baba yangu mdogo, Mnkande, uliifungua wewe, hapahapa. Mkewe alikuomba. Alipiga magoti pale ulipoweka kile kiti chenu. Unakumbuka ulimwambia nini?"

Siwema alikumbuka.

"Ulimwambia, 'Mama, sheria haina macho.' Ukabonyeza. Wanawe watatu wakaletewa nakala wakiwa darasani. Leo imepata macho? Imemwona nani, dada, ambaye siku ile haikumwona?"

Hasira ilimpanda Siwema mpaka akahisi meno yake. Angependa iwe hasira dhidi ya binti huyu. Alimtazama, akatafuta pa kuishikiza, asipate. Kila neno alilotupiwa lilikuwa la kweli, na alikuwa amelinunua mwenyewe, kwa mshahara wa kila mwezi, kwa miaka kumi na moja.

"Imemwona mtu mwenye siri ambayo yeye mwenyewe hajui kwamba anayo," alisema hatimaye, polepole, kwa kuwa alijua maneno hayo nayo yanahifadhiwa. "Mtu ambaye hajawahi kukanyaga ua wa mama yako. Hakusema lolote. Hakukosa lolote. Alisemwa tu, na mtu aliyempenda."

Mwanaima aliitazama ile karatasi. Kisha akachukua kalamu mwenyewe mezani, akakitafuta kifungu cha kumi na nne, akakikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Alhamisi," alisema. "Nusu saa yangu iko humo."

*

Jumatano saa kumi na moja jioni Mbelwa Kassim alikuwa uani akimenya kunde. Simu yake ilikuwa juu ya meza ndogo, ikiwa imeegemea birika. Miaka thelathini ya kupokea na kuagiza magari moshi ilikuwa imemwachia mazoea ya kutazama saa kabla ya kusema jambo.

"Binti Kilua, umechelewa dakika ishirini na tano," alisema. "Ungekuwa treni ningekuandikia ripoti."

"Ungeiandika, nani angeisoma? Reli yenyewe hamkuwahi kufika kwa wakati."

"Hilo tusiliseme. Simu zinasikia." Akacheka peke yake, akaendelea kumenya.

Siwema alimtazama vidole. Alikuwa ameamua njiani. Kama ni lazima ajue, basi ajue kwa mdomo wa mkewe leo, na si kwa mlio wa simu kesho saa saba na nusu. Lakini simu mbili zilikuwa pale, yake na ya mumewe, na atakachokisema kingeingia kwenye maghala mawili zaidi, kikingoja vifo viwili zaidi. Aliingia jikoni. Akatoka na sufuria. Akaichukua simu ya mumewe kutoka kwenye birika, akaitumbukiza, na yake juu yake, akafunika, akaweka kinu juu ya kifuniko.

Mbelwa alitazama saa. "Hilo ni kosa la jinai," alisema kwa utulivu.

"Najua. Ndiyo kazi yangu kujua."

"Basi ni jambo kubwa." Aliweka ungo chini. "Nami nina langu, la siku nyingi, na sijawahi kulisema kwa sababu ya hivyo vidude. Wacha nitangulie, nisije nikaghairi. Ni juu ya watoto."

Siwema alibaki amesimama.

"Mama, Mungu amrehemu, alinisukuma nioe mke wa pili. Dada zangu walinitafutia mpaka wakanionyesha picha. Nilikataa. Miaka yote hiyo nilikataa, na nilijua wewe hulali kwa kufikiri kwamba ipo siku nitakubali. Nataka ujue sijawahi kukuhesabia. Lile lako la kutozaa, nilikusamehe zamani, mke wangu. Toka siku ileile uliyoniambia."

Alilisema kwa upendo wote aliokuwa nao, na alikuwa nao mwingi. Alikuwa amelitunza kama mtu anavyotunza zawadi, na sasa ameitoa.

Siwema alikishika kinu kilichokuwa juu ya kifuniko. Alisamehewa. Amevumilia kuitwa gogo, ameketi miaka kumi na moja mbele ya ukuta wenye wito ule, amewabeba watoto wa watu kwenye akika za watu akiwa na tabasamu lililomchosha taya, na mwisho wa yote amesamehewa. Neno lilikuwa ulimini. Lilikuwa fupi. Angelisema, angeona kichwa kile kikiinama, naye angekuwa amepata haki yake yote, kamili, bila kupunjwa. Ndipo alipoelewa kwa nini waheshimiwa walikipenda kifungu cha tisa. Haki ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama kumpiga mtu aliyelala.

"Ahsante, Bwana Mbelwa," alisema.

"Na lako?"

"Langu limepita."

Akakiondoa kinu, akafunua. Simu zilikuwa zimefunikwa kwa dakika kumi na moja, na zote mbili, kama simu zote zilivyofundishwa tangu mwezi uliopita, zilikuwa zimekwisha kuripoti.

*

Alhamisi saa nne Siwema alikataa kubonyeza.

Hilo halikuwahi kutokea, na kwa kuwa halikuwahi kutokea halikuwa na fomu. Ilimchukua Msajili Mndolwa saa nzima kupata wajumbe wengine wawili, mmoja wa afya na mmoja wa maji, ili baraza litimie. Walikaa nyuma ya meza ndefu. Simu ya Bi Mwajabu ilikuwa katikati, imechomekwa kwenye chaji, ndogo, yenye alama ya hina kwenye jalada. Mwanaima alikaa upande mmoja, Siwema upande wa pili.

"Mfunguzi, eleza sababu," alisema Mndolwa.

"Sheria inasema simu ina mwenyewe mmoja," alisema Siwema. "Si kweli. Simu hii ina wenyewe mia tatu na kumi na wanane na marehemu mmoja. Amekufa mmoja. Kwa nini warithiwe wote? Aliye hai harithiwi. Hata mwizi hukuacha uzikwe kwanza."

"Maneno makali," alisema mjumbe wa maji.

"Ni makali kwa sababu nimeyachelewesha kwa simu mia sita na kumi na mbili. Wale niliowafungulia walistahili kuyasikia, na sikuyasema. Siombi nisamehewe. Naomba nisirudie."

"Lakini Dada Siwema," Mndolwa aliuliza, akiwa na huruma ya kweli, "asiye na la kuficha anaogopa nini?"

"Una pazia nyumbani, Msajili?"

"Ninalo."

"Unaficha nini?"

Mndolwa alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, na swali lilimsumbua. "Hakuna," alisema. "Ni pazia tu."

Mjumbe wa afya alimgeukia Mwanaima na kumuuliza anadai nini. Mwanaima alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, naye hakumtazama Siwema.

"Namdai mama yangu. Sidai waume wa watu, wala matumbo ya watu. Jana usiku nimeisoma hiyo orodha yenu ya majina. Na mimi nimo. Namba kumi na mbili. Mama yangu alinisema kwa hao wanawake mara elfu na mia nne, na nitaletewa zote, nitake nisitake. Mimi nataka mara moja tu, ile ya mwisho. Kata nusu saa. Mtu mwenye mkasi anaweza. Mnaniambia nichague baina ya kumzika mama na kuwazika majirani, halafu mnaita urithi. Ninyi ndio..."

Adhana ililia.

Ilitoka kwenye simu iliyokuwa katikati ya meza, sauti nyembamba yenye mkwaruzo, kama ilivyolia kwenye kwapa la Bi Mwajabu kwa miaka yote. Ilikuwa adhuhuri, na hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba mwenyewe amekufa. Wajumbe waliinamisha vichwa. Mwanaima aliziba mdomo kwa mikono miwili. Siwema alikitazama kile kidude kikiita, na kikikumbuka huku kikiita, kikiwakumbuka wao watano sasa, pazia la Msajili na machozi ya binti, kila kitu kwa tarehe yake.

Ilipokwisha, baraza lilitoka, likanywa chai, likarudi. Msajili Mndolwa alisimama na karatasi. Alionekana mtu aliyeridhika kwamba amemtendea kila mmoja wema.

"Uamuzi," alisoma. "Baraza, baada ya kusikiliza pande zote kwa makini, limeamua kama ifuatavyo. Kwanza, simu ya marehemu Mwajabu binti Semhando isifunguliwe wala isiyeyushwe kwa siku tisini, zinazoweza kuongezwa. Pili, kwa kuwa ghala la simu iliyozimika huharibika, simu hiyo ibaki kwenye chaji muda wote. Na kwa kuwa simu iliyowashwa haina budi kusikia, iendelee kusikia. Tatu, kwa kuzingatia uwazi, orodha ya majina ya watu wote mia tatu na kumi na wanane waliotajwa ibandikwe mlangoni leo hii. Na kwa kuzingatia faragha, yasiandikwe waliyosemwa. Nne, Mfunguzi Siwema Kilua anapewa onyo la maandishi kwa kosa la kufunika simu mbili kwa dakika kumi na moja, na anakabidhiwa simu ya marehemu aitunze juu ya meza yake. Tano, kwa kuwa wasomaji wa orodha wanatarajiwa kuwa wengi, na orodha itabandikwa upande wa kulia, kiti cha plastiki cha rangi ya samawati kirudishwe upande huo wa kulia. Wananchi watatangaziwa."